Neno "imara" mbele ya mkaguzi wa hataza

Ndugu Mwenyekiti, wakemia wenzetu, mawakala wa hataza, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kutukaribisha.

Kuna neno ambalo waombaji wa hataza za visafishaji vya oili, yaani viongezo vinavyotiwa kwenye oili ya injini ili kuisafisha na kuua asidi, hulipenda sana, naye mkaguzi hulipigia mstari mwekundu tangu barua yake ya kwanza. Neno hilo ni "imara". "Njia ya kutengeneza kisafishaji imara cha oili." Imara kwa kipimo gani? Kwa siku ngapi? Katika joto gani? Asubuhi hii tutalifuata neno hilo kutoka kwenye mtungi wa kiwandani hadi kwenye meza ya mkaguzi wa Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani. Tumechagua Marekani kwa sababu sehemu kubwa ya kemia hii ilikulia huko, na hukumu zinazotajwa kila siku katika fani hii zimetoka huko. Ulaya tutaipitia mbiombio.

Tuanze na mtungi, maana wakala asiyejua kinachotokea mtungini hawezi kumjibu mkaguzi anayejua.

Chukueni kisafishaji cha kalsiamu salfoneti chenye namba ya besi 300. Malighafi ya kwanza ni asidi ya alkilibenzini salfoni, yenye mkia mrefu wa kaboni, mara nyingi 20 au zaidi. Inayeyushwa kwenye oili nyepesi pamoja na zailini au tolueni. Inatiwa chokaa iliyozimwa, nyingi kuliko inayotosha kuua ile asidi, kisha methanoli ya kuchochea mmenyuko. Baada ya hapo inapulizwa kaboni dioksidi taratibu, joto likishikiliwa kwenye nyuzi 40 hadi 60 za Selsiasi hivi. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7, ndiyo sababu hakuna anayethubutu kupandisha moto mapema. Gesi inageuza chokaa kuwa kalsiamu kaboneti, lakini kaboneti hiyo haitui chini kama chaki: kila chembe, yenye upana wa nanomita chache tu, imevishwa koti la sabuni ya salfoneti na inaelea ndani ya oili. Gesi ikishafungwa, moto unapandishwa hadi nyuzi 120 au 150, ombwe linavutwa, methanoli, maji na zailini vinatoka, na kinachobaki kinachujwa kwa unga wa diatomia.

Tupige hesabu kidogo. Namba ya besi 300 maana yake gramu moja ya bidhaa inaua asidi kama miligramu 300 za potasiamu haidroksidi. Gawanya 300 kwa 56.1, unapata milimoli 5.35. Moli moja ya kalsiamu kaboneti inaua asidi maradufu, kwa hiyo tuna milimoli 2.67 za kaboneti, ambazo ni miligramu 267. Yaani, tukichukulia kwamba besi yote ni kaboneti, zaidi ya robo ya uzito wa kimiminika hicho kinachotiririka kama asali ni mawe. Ukifika namba 400, ni asilimia 36 hivi. Na mteja bado anataka kisiwe na ukungu, kipite kwenye kichujio bila kukiziba, na kikae kwenye pipa miezi kadhaa bila kutua.

Kinachoharibika hapo kina sababu zake, na kila sababu itarudi baadaye kwenye barua ya mkaguzi.

Sababu kubwa ni kaboneti kujipanga kuwa fuwele. Kaboneti nzuri ni ile isiyojipanga. Kwenye kipimo cha infraredi inaonyesha kilele karibu na 862 kwa sentimita. Ikishageuka kuwa kalisaiti, yaani kaboneti iliyojipanga kuwa fuwele, kilele kinahamia karibu na 882, na bidhaa inaanza kuingia ukungu, kutoa mashapo, au kuganda kama uji uliopoa. Maji ndiyo mchochezi mkuu. Kila moli ya chokaa iliyozimwa ikikutana na moli ya gesi, inatoka moli ya maji; kwa kilo moja ya bidhaa yetu ya namba 300 ni gramu 48 hivi za maji, bila kuhesabu yale yanayotokana na kuua asidi. Maji hayo yakibaki pamoja na methanoli wakati moto unapanda polepole, fuwele zimepata muda na mahali pa kukua.

Gesi nayo ina mambo yake. Kilo hiyo hiyo inahitaji gramu 117 hivi za kaboni dioksidi. Mwenye pupa anapuliza mpaka chokaa yote iishe, mnato unapaa na kichujio kinagoma. Mzoefu anafunga gesi chokaa kidogo ikiwa bado imesalia. Anayefunga mapema mno naye anabaki na chokaa mbichi, ambayo sehemu yake kubwa inaishia kwenye kichujio. Kupuliza kwa kasi kuna hatari nyingine: mmenyuko unatoa joto, na mtungi usiopozwa vizuri utapita nyuzi 60 kabla mtu hajageuka.

Kuna pia koti kuwa fupi: kupandisha namba ya besi kutoka 300 hadi 400 kwa sabuni ile ile. Hapo uvumbuzi mwingi wa fani hii umejaribu kuingia kwa kuongeza asidi nyingine yenye mkia mrefu, kama ya stiariki, isaidie kuvisha chembe.

Haya, sasa tuvae miwani ya mkaguzi. Dai ni sentensi ya ombi inayochora mpaka wa ulinzi unaoombwa. Hili tumelitunga kwa ajili ya leo, si la mtu:

"Njia ya kutengeneza kisafishaji imara cha oili, inayojumuisha: kuchanganya asidi ya alkilibenzini salfoni, oili, kiyeyusho, methanoli na chokaa, kupuliza kaboni dioksidi katika joto la nyuzi 30 hadi 60, kuongeza asidi ya stiariki kwa asilimia 1 hadi 20, na kuondoa vimiminika vyepesi, ambapo bidhaa ina namba ya besi isiyopungua 300."

Mkaguzi analiweka kwanza kwenye fungu lake katika mfumo wa kupanga hataza kwa mada. Fungu C10M 159/24 ni la mazao yenye besi ya ziada na salfoneti. 159/22 ni la ndugu zake wa fenoli. Humo kuna nyaraka tangu miaka ya 1950, na atakayedhani mkaguzi hatazisoma za zamani amejidanganya. Nyaraka ya 1952 ina uzito uleule wa ya mwaka jana.

Kisha anasoma neno kwa neno. "Inayojumuisha" ni mlango wazi: hatua nyingine zinaweza kuongezwa na bado ni njia ile ile. Kwa mwombaji hilo linapanua ulinzi, kwa mkaguzi linapanua utafutaji wake, kwa kuwa nyaraka yoyote yenye hatua hizo pamoja na nyingine ishirini inahesabika. "Asilimia 1 hadi 20" ya nini? Ya uzito wa asidi ya salfoni, ya chokaa, au ya bidhaa iliyokamilika? Dai halisemi. Inaongezwa lini, kabla ya gesi au baada ya kuondoa maji? Nalo halisemi. Na "imara" linaangukia kifungu cha 112(b) cha sheria ya hataza ya Marekani, kinachotaka dai liwe bayana: neno la kulinganisha lisilo na kipimo chake kwenye maelezo ya ombi haliwezi kumwonyesha msomaji mpaka wa dai uko wapi.

Dawa yake iko kwenye maelezo yaliyowasilishwa siku ya kwanza. Andikeni kipimo: kwa mfano, mashapo yasiyozidi asilimia 0.05 ya ujazo baada ya bidhaa kukaa siku 28 kwenye nyuzi 80, yakipimwa kwa mashine ya kuzungusha baada ya kuzimua kwa kiyeyusho fulani, kiasi fulani, kasi fulani, dakika fulani. Njia ya D2273 ya ASTM, shirika la viwango vya vipimo, ya kupima mashapo haba kwenye oili ipo, itajeni au elezeni yenu. Namba ya besi pia iende na jina la kipimo, D2896 au D4739, maana hizo mbili hutumia asidi tofauti na hazitoi namba sawa kwa kila oili. Tumeona maombi mazuri yakisumbuka miezi kwa kuacha herufi hizo tano.

Baada ya lugha linakuja swali la upya, kifungu cha 102. Tuseme mkaguzi amepata nyaraka ya zamani yenye hatua zote hizo, asidi ya stiariki ikiwemo, lakini haitaji mashapo popote. Mwombaji anaruka: "Wao hawakusema bidhaa yao ni imara!" Mkaguzi anajibu kwa hukumu ya Best ya mwaka 1977. Malighafi ni zile zile, hatua ni zile zile, basi ni haki kudhani kwamba tabia ya bidhaa ni ile ile, imesemwa au haikusemwa. Ofisi haina maabara ya kupikia sampuli. Mzigo unahamia kwa mwombaji: arudie mfano wa nyaraka ile kwa uaminifu, apime, aonyeshe kwamba haitoi bidhaa yenye uimara anaoudai. Asiporudia, maneno matupu hayatamfaa, hata yakiandikwa na wakili wa bei gani.

Lakini mara nyingi nyaraka moja haitoshi, na ombi linaingia kwenye kifungu cha 103, cha kuuliza kama jambo lilikuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani. Misingi iliwekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Graham dhidi ya John Deere, 1966: angalia maarifa yaliyotangulia, tofauti iliyopo, na kiwango cha ujuzi wa fani, bila kusahau ushahidi wa nje kama matokeo yasiyotarajiwa. Mwaka 2007, kwenye kesi ya KSR, mahakama hiyo ikaongeza kwamba mtu huyo wa kawaida si roboti. Anaweza kuunganisha vipande vinavyojulikana.

Katika kemia yetu, kisu chenye makali zaidi ni hukumu ya Aller ya 1955. Ilihusu njia ya kutengeneza fenoli. Ya zamani ilifanyika kwenye nyuzi 100 na asidi ya asilimia 10. Mwombaji akadai nyuzi 40 hadi 80 na asidi ya asilimia 25 hadi 70. Akashindwa. Pale mazingira ya jumla yanapojulikana, kutafuta joto na kiasi kinachofaa kwa majaribio ya kawaida hakutoshi kupewa hataza. Sasa tazameni dai letu: "nyuzi 30 hadi 60". Fani nzima inafanya kazi humo. Joto hilo haliongezi kitu chochote kwenye hoja, na wakala mwenye busara halitegemei.

Kinachobaki ni asidi ya stiariki, na namna ya kuitetea ni jedwali la majaribio. Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo maombi mengi yanapozama.

Jedwali linalofaa linaanza na mpiko wa kwanza: mfano wa karibu kabisa wa nyaraka ya mkaguzi, ukarudiwa gramu kwa gramu. Si ule wa karibu na kiwanda chako, wa karibu na dai lako. Mpiko wa pili ni huo huo, asidi ya stiariki ikiongezwa asilimia 5 ya uzito wa bidhaa, kitu kingine kisiguswe. Asidi ya salfoni itoke pipa moja, chokaa itoke gunia moja, maana chokaa mbili zenye usafi sawa bado zinaweza kutofautiana kwa unyevu na ukubwa wa punje, na tofauti hiyo peke yake inabadilisha mashapo. Kasi ya gesi iwe ileile. Mpiko wa tatu asilimia 1, wa nne 10, wa tano 20, na wa sita asidi yenye mkia mfupi ili kuonyesha kwamba ni mkia mrefu unaofanya kazi. Kila mpiko mara mbili. Kwa kila mmoja andikeni namba ya besi, mnato kwenye nyuzi 100, mashapo kabla ya kuchuja, dakika za kuchuja, kilele cha infraredi, na mashapo baada ya kukaa kwenye joto.

Tena pimeni gharama ya asidi hiyo kwa chokaa. Asilimia 5 kwenye kilo moja ni gramu 50. Gawanya kwa 284.5, ni moli 0.176, itakula gramu 6.5 za chokaa na kutoa gramu 3.2 za maji. Ikitiwa kabla ya gesi, maji hayo yanaingia kwenye hesabu ya fuwele. Ikitiwa baada ya kukausha, yanatoka palepale kwenye nyuzi zaidi ya 100. Hizo ni njia mbili tofauti, na jedwali linalozichanganya kwenye safu moja litachanwa na mkaguzi kwa sentensi mbili.

Makosa tunayoyaona kwenye majedwali ni haya haya kila mara. Mlinganisho umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, stiariki na muda wa gesi, halafu faida yote inapewa stiariki. Au bidhaa ya kulinganisha ni ya dukani, njia yake haijulikani. Au kuna mfano mmoja wa asilimia 5 na dai la asilimia 1 hadi 20. Kwa hili la mwisho hukumu ya Peterson ya 2003 iko wazi: matokeo yasiyotarajiwa lazima yaenee kwenye upana wote wa dai. Na kwa kemia yenyewe asilimia 20 inatia shaka, kwa sababu kalsiamu stiareti ni jamaa wa sabuni zinazotumika kugandishia grisi za kalsiamu. Ukiizidisha, dawa ya uimara inaweza kukugeuzia kisafishaji kuwa kitu cha kuchota kwa mwiko.

Matokeo yanapelekwa kwa tamko la kiapo chini ya kanuni ya 1.132. Aliyefanya majaribio ndiye aape, na aeleze alichofanya, si alichotamani.

Grisi inatuleta kwenye nyaraka ambayo mkaguzi hodari haikosi: hataza ya Marekani namba 3,242,079 ya mwaka 1966. Humo bidhaa ya kalsiamu yenye besi ya ziada inageuzwa makusudi kuwa nzito kama grisi, kwa kuipasha pamoja na maji na alkoholi. Kile ambacho mtengenezaji wa kisafishaji anakiita ajali, wao walikiita bidhaa. Kwa mwombaji anayesema "sisi tumegundua kwamba maji na alkoholi vinaganda kisafishaji", nyaraka hiyo ni msumari: tatizo lilijulikana, na anayejua kinachogandisha anajua pia cha kupunguza.

Wakala mwerevu anaigeuza: "Basi mnaona, tofauti ndogo ya maji inabadilisha kimiminika kuwa grisi. Fani hii haitabiriki, hakuna aliyeweza kutarajia matokeo yetu." Hoja nzuri. Lakini ina makali kuwili, na hili tungependa wanafunzi waliandike. Ukishamwambia mkaguzi kwamba fani haitabiriki, atafungua ukurasa wa kifungu cha 112(a) na kukuuliza: kama haitabiriki, mfano wako mmoja unamfundishaje mwingine kutumia asidi yoyote, kiasi chochote kati ya 1 na 20, chokaa yoyote? Hukumu ya Wands ya 1988 inampa vigezo vinane vya kupima kama msomaji ataelemewa na majaribio ya kupita kiasi, na kutotabirika kwa fani ni kimojawapo. Ulichokichimba kwenye 103 unakitumbukia kwenye 112. Pa kutokea ni kupunguza dai: asilimia 3 hadi 8, baada ya kukausha, maji yaliyobaki yasizidi kiasi kilichotajwa, kila namba ikiwa na mpiko wake kwenye jedwali. Dai linakuwa jembamba, kweli. Ila dai pana lisilotoka ofisini halimzuii mshindani hata siku moja.

Mambo mawili ya utaratibu, haraka. Ombi lenye madai ya njia na madai ya bidhaa linaweza kupewa amri ya kuchagua. Madai yasiyochaguliwa yanahamishiwa kwenye ombi la mgawanyo. Na bidhaa ikidaiwa kwa kuelezea jinsi ilivyotengenezwa, hukumu ya Thorpe ya 1985 inasema mkaguzi anaangalia bidhaa yenyewe, kwa hiyo njia mpya haiokoi bidhaa ya zamani.

Ulaya, shida ni mahali pa kupata zile namba za kupunguzia. Ibara ya 123(2) ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya hairuhusu namba ambayo haikuwa kwenye ombi la awali, moja kwa moja na bila utata. Aliyeandika "1 hadi 20" tu, bila ngazi za katikati, hataweza baadaye kujiamulia "3 hadi 8". Andikeni ngazi hizo mapema: 2, 3, 5, 8, 12, na sababu ya kila moja. Majaribio yaliyofanywa baada ya kuwasilisha yanapokelewa kwa masharti. Uamuzi G 2/21 wa Machi 2023, wa baraza la juu la rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya, unataka faida hiyo iwe inatokana na fundisho la ombi lenyewe.

Kwa wenzetu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ombi la nyumbani linatoa miezi 12 ya kipaumbele, na njia ya PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, inasogeza kuingia Marekani hadi mwezi wa 30. ARIPO nayo, shirika la kikanda la miliki ubunifu la Afrika lililoko Harare, inapokea ombi moja kwa nchi kadhaa. Miezi hiyo si ya kupumzika. Kipimo cha siku 28 kwenye nyuzi 80, mara mbili, kwa ngazi tano, kinaomba tanuri na rafu kabla mkaguzi hajauliza.

Na kuna pipa. Mtengenezaji anapika mipiko mizuri, anampelekea mchanganyaji wa oili pipa moja la majaribio kwa malipo, njia yenyewe akiifanya siri, kisha anakaa mwaka mmoja na nusu akikamilisha jedwali. Mwaka 2024, katika kesi ya Celanese iliyohusu kitamu bandia, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Marekani ilithibitisha kwamba mvumbuzi akiuza bidhaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuwasilisha ombi, anapoteza haki ya hataza ya njia iliyoitengeneza, hata kama mnunuzi hakuiona njia hiyo kamwe. Ulaya mwaka huo wa neema haupo. Kwa hiyo kabla forklifti haijabeba pipa, tarehe ya ankara na tarehe ya ombi ziwekwe mezani zitazamwe pamoja.

Tunapokea maswali, tukianzia huko nyuma kwa waliosimama.